Pompa ya esanse ikigoma njiani: namna ya kuitambua, kuipima na kuibadilisha kwenye gari ya zamani

BENDERA (Kalemie) – Kwenye barabara ya taifa namba 5, ile inayotoka Kalemie kupitia Bendera kwenda Lulimba, Fizi na Uvira, gari za zamani ndizo zinazobeba maisha ya watu. Hilux, Hiace na Land Cruiser zenye umri wa miaka 30 na zaidi zinabeba mihogo, samaki wakavu, wafanyabiashara na wagonjwa. Gari ya namna hiyo ikizima katikati ya njia, neno la kwanza linalotoka mdomoni mwa dereva ni lile lile: «Pompa imekufa.»

Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine ni filtri iliyojaa kutu, au kifuniko cha tangi ambacho hakipitishi hewa. Tofauti hiyo si ndogo. Bendera iko zaidi ya kilomita 100 kaskazini ya Kalemie, na pyesi ikikosekana mtaani, lazima mtu aagize mjini, angoje, alipe na usafiri. Mwenye gari anaweza kupoteza siku nyingi na pesa ya mwezi mzima kwa pompa mpya, kisha anaifunga na gari inabaki pale pale, sababu ugonjwa ulikuwa mahali pengine. Na kama ndani ya gari kuna mama mwenye uchungu wa kuzaa anayepelekwa hospitali, kila saa inayopotea ina bei yake.

Makala hii inaeleza hatua kwa hatua namna ya kujua kama pompa ndiyo yenye kosa, namna ya kuibadilisha, na mambo ambayo hayafai kufanywa kamwe, kwani esanse haisamehe.

Pompa inafanya kazi gani?

Tangi iko nyuma ya gari na chini, moteri iko mbele na juu kidogo. Mafuta hayawezi kupanda yenyewe. Pompa inayavuta kutoka kwenye tangi, inayapitisha kwenye filtri, kisha inayasukuma mpaka kwenye kabureta au kwenye enjeksio. Gari za zamani zinazopita Bendera ziko na moja kati ya aina tatu.

Aina ya kwanza ni pompa ya mekaniki. Iko kwenye moteri za esanse zenye kabureta, kama ile 22R ya Toyota Hilux. Haina waya hata mmoja. Ndani yake kuna utando wa mpira, wengi wanauita mambrani. Moteri ikizunguka, nundu iliyo kwenye shafti ya kamu inasukuma mkono mdogo wa pompa, mkono unavuta utando, na esanse inaingia. Spring inaurudisha utando na esanse inatoka kwenda kwenye kabureta. Vilango viwili vidogo vinazuia mafuta yasirudi nyuma. Nguvu yake ni ndogo sana, kama bar 0,2 hadi 0,3 tu, na hiyo inatosha kabureta.

Aina ya pili ni pompa ya umeme. Iko kwenye gari za esanse zenye enjeksio, na mara nyingi imefichwa ndani ya tangi yenyewe. Nguvu yake ni kubwa: karibu bar 2,5 hadi 3.

Aina ya tatu ni ya gari za mazutu, kama Land Cruiser yenye moteri ya 1HZ. Hapo pompa ya enjeksio yenyewe ndiyo inayovuta mafuta kutoka kwenye tangi, na juu ya filtri kuna pompa ndogo ya mkono ya kuondoa hewa. Kwenye malori mengi ya zamani, pompa ndogo ya kuvuta imefungwa ubavuni mwa pompa ya enjeksio.

Dalili za pompa inayochoka

Pompa inayokufa polepole inatoa habari mapema. Gari inawaka vizuri asubuhi na kwenda vizuri kwenye tambarare, lakini ikikuta mlima wenye mzigo, inakohoa, inavutavuta, inapoteza nguvu. Dereva akiachia mafuta kidogo, inarudia hali yake. Akikanyaga, inakufa tena. Sababu ni kwamba kabureta inakula kuliko vile pompa inavyoleta.

Dalili nyingine: gari iliyolala usiku mmoja inahitaji kuzungushwa muda mrefu kabla ya kuwaka. Vilango vya ndani vya pompa vimechoka, esanse imerudi kwenye tangi usiku.

Kwa pompa ya mekaniki kuna dalili tatu za kuona kwa macho na kunusa kwa pua. Ya kwanza: esanse inadondoka kwenye tundu dogo lililo chini ya pompa. Tundu hilo limewekwa makusudi. Likitoa esanse, utando umepasuka. Ya pili: oili ya moteri inavuja pale pompa inapogusana na moteri, hapo gasketi imeisha au bolti zimelegea. Ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote: oili inanuka esanse, na kijiti cha kupimia kinaonyesha oili imepanda wakati hakuna aliyeongeza. Utando uliopasuka unaweza kumwaga esanse ndani ya moteri. Oili inakuwa nyepesi kama maji, na vyuma vya ndani vinasagana. Gari ya namna hiyo isiwashwe tena mpaka kosa lijulikane na oili ibadilishwe. Fundi pia aangalie kabureta, kwani kabureta inayofurika inaweza kuleta harufu hiyo hiyo.

Kabla ya kulaumu pompa

Fundi mzuri anaanza na vitu visivyo na gharama. Hatua hizi zinafuatana, na kila moja inachukua dakika chache.

Kwanza, je, esanse iko kweli kwenye tangi? Joji ya gari ya zamani inadanganya. Kijiti kisafi cha mti kinachoteremshwa kwenye tangi hakidanganyi.

Pili, je, tatizo ni esanse au ni moto wa buji? Moteri ikiwa imezimwa na kontakti imefungwa, toa kifuniko cha filtri ya hewa, angalia kwa pembeni ndani ya koo ya kabureta, kisha vuta kwa mkono kile chuma kinachovutwa na pedali ya mafuta. Kama kamkondo kembamba ka esanse kanaruka ndani, basi kabureta iko na mafuta, na kosa litafutwe kwenye umeme wa buji. Kama hakuna kinachoruka, kabureta huenda imekauka. Kwenye 22R na Toyota nyingine nyingi za wakati ule, kabureta ina kioo kidogo cha kuonyesha kiwango cha esanse. Ukikiosha, jibu linaonekana. Usiweke uso juu ya kabureta wakati mwingine anazungusha moteri: inaweza kutema moto.

Tatu, kifuniko cha tangi. Esanse inapotoka, hewa lazima iingie mahali pake. Tundu la hewa likizibwa na vumbi au matope, tangi inafyonza kama chupa iliyozibwa mdomo, na pompa inashindwa kuvuta. Gari inakwenda kilomita kadhaa, inazima, inapumzika, inawaka tena. Fungua kifuniko pale tu inapozima. Ukisikia sauti ya hewa ikiingia kwa nguvu, «fyuu», na gari ikaanza kwenda vizuri, ugonjwa umejulikana bila kununua kitu.

Nne, filtri. Filtri ndogo ya plastiki ikiwa nyeusi au nyekundu ya kutu, ibadilishwe kabla ya jambo lingine lolote. Kuipuliza kwa mdomo na kuirudisha ni dawa ya siku moja.

Tano, mipira ya esanse. Mpira uliopasuka baada ya pompa unavuja, unaonekana. Mpira uliopasuka kabla ya pompa hauvuji: unavuta hewa. Pompa inakunywa hewa badala ya esanse na inaonekana kama imekufa. Ukunje mpira kwa vidole. Ukiona mipasuko midogo kama udongo mkavu, utoe. Mpira uliojikunja au uliobanwa na chuma pia unazuia njia.

Sita, esanse yenyewe. Mafuta yanayouzwa kwa bidoni na akina Kadhafi wa kando ya njia yanaweza kuwa na maji, mchanga au mazutu ndani yake. Mimina kidogo kutoka kwenye mpira wa kabureta ndani ya chupa ya kioo, uache itulie. Maji ni mazito kuliko esanse: yatashuka chini na mstari utaonekana.

Saba, joto. Kwenye mlima mrefu, jua likiwa kali, esanse inaweza kuchemka ndani ya mpira ulio karibu na bomba la moshi na kugeuka mvuke. Pompa haiwezi kusukuma mvuke. Gari inazima, inapoa nusu saa, inawaka kama hakuna lililotokea. Kitambaa chenye maji kikifungwa kwenye pompa na mpira, na gari ikawaka haraka, basi mpira usogezwe mbali na joto. Pompa haina kosa.

Kupima pompa ya mekaniki

Kama yote hayo yako sawa, sasa pompa ipimwe. Kazi hii inafanyika nje, mahali penye upepo, moteri ikiwa baridi, bila sigara wala makaa karibu.

Toa waya wa bobini ili buji zisitoe cheche. Toa mpira unaoingia kwenye kabureta na uuelekeze ndani ya chombo cha chuma au chupa nene ya kioo, mbali na batri. Mtu mmoja azungushe moteri kwa demareri kwa sekunde 10 hadi 15, siyo zaidi, kisha demareri ipumzike. Pompa nzima inatupa esanse kwa mapigo yenye nguvu, kama moyo: paa, paa, paa. Kwa kipimo cha kawaida cha mafundi, inapaswa kutoa karibu nusu lita kwa dakika moja au chini ya hapo. Kama inadondosha tu, au inatoa povu lenye hewa, au haitoi kitu, usikimbilie kuitupa bado.

Kuna jaribio moja linalomaliza ubishi wote. Toa kwenye pompa ule mpira unaoleta esanse kutoka kwenye tangi, uuzibe kwa bolti safi. Mahali pake weka mpira mfupi mpya, na ncha yake izame ndani ya bidoni ndogo yenye esanse safi, iliyowekwa chini kando ya gari. Zungusha moteri tena, mara mbili au tatu kwa vipindi vifupi, maana pompa iliyokauka inahitaji muda kidogo kushika. Kama sasa esanse inatoka kwa nguvu, pompa ni nzima: kosa liko kwenye tangi, kwenye bomba refu au kwenye filtri. Kama bado haitoi kitu, pompa imekufa kweli, na pesa ya kununua nyingine haitapotea.

Onyo juu ya moto na juu ya mdomo

Mvuke wa esanse hauonekani, ni mzito kuliko hewa, na unatambaa chini kama maji mpaka unapokuta moto. Jiko la makaa lililo mita kadhaa linatosha. Kwa hiyo kabla ya kufungua mpira wowote: toa waya wa chini ya sifuri kwenye batri, ondoa watoto na wachunguliaji, weka karibu kizima-moto cha unga au ndoo mbili za mchanga. Moto wa esanse hauzimwi kwa maji, maji yanausambaza. Usiku tumia tochi, usitumie kiberiti wala mshumaa wala taa ya mafuta.

Jambo la pili ni kunyonya esanse kwa mdomo kupitia mpira. Ni desturi ya kila mahali, na ni ya hatari. Tone dogo likipita kwenye koo ya hewa linaingia kwenye mapafu na kuyaunguza. Aliyemeza esanse asilazimishwe kutapika, kwani ikirudi juu ndipo inapoingia kwenye mapafu zaidi. Apelekwe kituo cha afya haraka, hata kama anasema anajisikia vizuri, hasa akianza kukohoa au kupumua kwa shida. Mpira wenye kitunga cha kukamua kwa mkono unauzwa madukani na unafanya kazi hiyo bila mdomo.

Kubadilisha pompa ya mekaniki, hatua kwa hatua

Mfano hapa ni moteri ya 22R, lakini kazi inafanana kwenye moteri nyingi za kabureta.

1. Simamisha gari mahali tambarare, weka mawe kwenye magurudumu, ngoja moteri ipoe. Toa waya wa batri. Osha eneo la pompa kwa brashi ili uchafu usiingie ndani ya moteri.

2. Angalia mipira kabla ya kuigusa. Pompa ya 22R ina midomo mitatu: wa kuingiza kutoka kwenye tangi, wa kutoa kwenda kwenye kabureta, na wa kurudisha mafuta ya ziada kwenye tangi. Funga uzi wa rangi tofauti kwenye kila mpira, au piga picha kwa telefone. Mipira ikichanganywa, gari haitawaka na fundi atahangaika bure.

3. Toa mipira, uzibe ule wa tangi kwa bolti safi. Kama tangi imejaa, esanse inaweza kuendelea kutiririka yenyewe.

4. Legeza bolti mbili za pompa, kidogo huku na kidogo huku. Kama pompa inasukumwa nje kwa nguvu, nundu ya kamu inabana mkono wake. Zungusha moteri kwa ufunguo kwenye bolti ya puli ya mbele, kwa upande wake wa kawaida, mpaka ulegevu uonekane.

5. Toa pompa. Nyuma yake kuna kipande kinene kinachozuia joto, chenye gasketi, ile karatasi nene ya kuziba, kila upande. Kipande hicho kisitupwe. Bila hicho, joto la moteri linaingia kwenye pompa, na mkono wa pompa unakaa ndani kupita kiasi. Kikiwa kimepasuka, kitafutwe kingine.

6. Ziba tundu la moteri kwa kitambaa safi, kisha kwangua mabaki ya gasketi. Kitambaa kitolewe kabla ya kufunga. Kuna gari zilizofungwa na kitambaa ndani.

7. Linganisha pompa mpya na ya zamani: umbo na urefu wa mkono, midomo, nafasi ya matundu ya bolti. Mkono ukiwa mrefu kwa milimita chache tu, unaweza kuvunjika au kula kamu. Tazama pia ncha ya mkono wa zamani. Ikiwa imelika sana, nundu ya kamu nayo ichunguzwe, kwani pompa mpya juu ya nundu iliyolika haitavuta vizuri.

8. Weka gasketi mpya pande zote mbili. Ingiza mkono wa pompa mahali pake juu ya nundu ya kamu, siyo pembeni. Sukuma kwa kiganja: spring inapaswa kukataa kidogo. Anza bolti zote mbili kwa vidole, kisha zikaze kwa zamu. Kichwa cha 22R ni cha aluminiamu. Anayekaza kwa nguvu ya bega anaharibu uzi, na hapo kazi ya saa moja inakuwa kazi ya wiki.

9. Rudisha mipira. Ile iliyopasuka ibadilishwe kwa mpira wa esanse kweli. Mpira wa maji au wa hewa unalainika na kuoza ndani ya muda mfupi. Weka filtri mpya: pompa mpya na filtri chafu haviishi pamoja.

10. Kabla ya kuwasha, nusa oili. Kama inanuka esanse, mwaga yote, badilisha na filtri ya oili.

11. Rudisha batri na waya wa bobini. Zungusha moteri kwa vipindi vifupi mpaka kabureta ijae. Ikiwaka, iache ikizunguka taratibu na uchunguze kwa tochi kila kiungo. Tone moja tu likionekana, zima na urekebishe. Baada ya safari ya kwanza fupi, kaza tena kidogo na uangalie upya.

Kama pompa ni ya umeme

Hapa wengi wanadanganyika. Dereva anafungua kontakti, hasikii mlio kutoka kwenye tangi, anasema pompa imekufa. Lakini kwenye Toyota nyingi za zamani zenye enjeksio, pompa haiwashwi na kontakti peke yake. Inaanza pale demareri inapozungusha moteri. Ukimya wa kontakti si ushahidi.

Anza na fizibu, kisha rele. Fundi anaweza kubadilishana rele na nyingine ya namna ile ile iliyo kwenye sanduku hilo hilo. Chini ya boneti ya Toyota nyingi za miaka ile kuna kisanduku kidogo cha uchunguzi. Ukifungua kontakti na kuunganisha kwa kipande cha waya matundu yaliyoandikwa +B na FP, pompa inapaswa kulia. Ikilia hapo lakini gari haiwaki, tafuta kwenye rele au kwenye amri ya kuwasha pompa. Isipolia, pima umeme kwenye plagi ya pompa yenyewe. Volti 12 zikifika na masi ni nzuri lakini pompa imenyamaza, imekufa. Zikifika 9 au 10 tu, waya au masi imeoza, na pompa mpya itateseka vile vile.

Kuna ujanja wa njiani: mtu mmoja anagonga chini ya tangi kwa ngumi au kwa nyundo ya mpira wakati mwingine anazungusha moteri. Gari ikiwaka, makaa ya pompa yameisha. Itawafikisha karibu, lakini isizimwe njiani, na pompa itafutwe mara moja.

Kabla ya kuitoa, shusha nguvu iliyobaki kwenye bomba: toa fizibu ya pompa wakati moteri inazunguka, uiache izime yenyewe, kisha toa waya wa batri. Mpira mfupi ulio ndani ya tangi uwe ule uliotengenezwa kuzama kwenye esanse. Mpira wa kawaida unavimba na kuvuka. Kichujio kidogo cha chini ya pompa kibadilishwe, na kutu ya tangi iondolewe. Pompa ya umeme inapozwa na esanse inayoizunguka. Kutembea kila siku na tangi karibu tupu ndiko kunakoichoma.

Kama gari ni ya mazutu

Kwenye mazutu, adui wa kwanza ni hewa. Toa maji kwenye filtri, fungua skrubu ya kutolea hewa, piga pompa ya mkono mpaka mazutu itoke bila povu, kaza. Kama pompa ya mkono haigumuki hata kidogo, kuna mahali hewa inaingia kati ya tangi na filtri. Kipande cha mpira unaoona ndani, kikiwekwa kwa muda, kinaonyesha mapovu yakipita.

Kama mazutu inafika vizuri lakini moteri haiwaki, sikiliza vali ya umeme ya kuzimia iliyo kwenye pompa ya enjeksio: kontakti ikifunguliwa inapaswa kutoa sauti ndogo, «tik». Isipotoa, pima kama umeme unafika.

Pompa ya enjeksio yenyewe isifunguliwe chini ya mwembe. Ndani yake vyuma vimelingana kwa kipimo kidogo kuliko unywele, na inarekebishwa kwenye mashine ya kupimia peke yake. Wala mtu asiweke kidole mbele ya mazutu inayoruka kutoka kwenye enjekta: nguvu yake inapenya ngozi, na jeraha linaloonekana kama tundu la sindano linaweza kumpotezea mtu mkono.

Ikikufia mbali na fundi

Madereva wengi wanajua ujanja wa kufunga bidoni juu ya gari na kuteremsha esanse kwa mpira moja kwa moja kwenye kabureta. Inafanya kazi, na inachoma watu. Bidoni ikianguka au mpira ukichomoka juu ya bomba la moshi, abiria hawana muda wa kushuka. Gari yenye abiria isiende hivyo. Kuvutwa na gari nyingine, hata kwa kulipa, ni nafuu kuliko kuungua.

Wengine wanafunga pompa ndogo ya umeme badala ya ile ya mekaniki. Inawezekana, ila iwe ya nguvu ndogo, ya kabureta. Pompa ya enjeksio yenye bar 3 itaifurisha kabureta na esanse itamwagika juu ya moteri ya moto. Pia iwekwe namna ya kuikata moteri inapozima, kwani pompa inayoendelea kusukuma baada ya ajali inalisha moto.

Kwa anayesafiri kati ya Kalemie, Bendera na Lulimba na gari ya kabureta, mfuko mmoja mdogo unaokoa siku nyingi: filtri mbili, mita moja ya mpira wa esanse, vibano vinne, gasketi za pompa, tochi, ufunguo namba 10, 12 na 14, na kama pesa inaruhusu, pompa moja ya akiba iliyokwisha kulinganishwa na ile iliyo kwenye gari. Pompa ya zamani ambayo bado inafanya kazi kidogo nayo isitupwe baada ya kubadilishwa. Siku ile mpya itakapogoma, ile ya zamani inaweza kumfikisha mgonjwa hospitali.